Rais Aliyeng'oa Meno

Katika nchi ya Shwari, ambayo haina uhusiano wowote na nchi unayoifikiria, amani ilikuwa nyingi hata ikabidi iwekewe askari wa kuilinda kila njia panda. Kulikuwa na Chama kimoja, Chama cha Mwanga, na Rais mmoja, kiongozi wa Chama hicho, Mtukufu Rais wa Kudumu. Kila Mshwari alizaliwa mwanachama, akafa mwanachama. Kadi ya Chama ilitolewa wodini pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Watu walikuwa na furaha. Wachache waliokosa furaha walipelekwa Chuo cha Kurejesha Fikra, kule kisiwani, na bila shaka masomo yake yalikuwa matamu mno, maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kutaka kurudi.

Jumapili moja asubuhi msafara wa Mtukufu ulikwama Mji wa Chini kwa sababu lori la viazi lilikuwa limepinduka barabarani. Mtukufu akateremsha kioo kidogo apate hewa. Ng'ambo ya barabara, mbele ya jengo jeupe lisilo na msalaba, walisimama watu kadhaa, wanaume wamevaa mashati meupe na tai, wanawake magauni ya heshima. Mara mama mmoja akapaza sauti kwa furaha:

"Jamani tuingie ndani! Rais amefika!"

Mtukufu akanyoosha tai yake na kuandaa mkono wa kupungia. Hakuna aliyegeuka. Wote walimwendea bwana mmoja mwembamba aliyekuwa akishuka kwenye pikipiki, jasho likimtiririka.

"Mnisamehe," bwana yule alisema. "Nilikuwa naling'oa jino la mzee mmoja, likanikatalia."

Kioo kikapandishwa.

Taarifa ya habari ya jioni ikatangaza kuundwa kwa Tume ya Kupambanua Imani. Kazi yake ilikuwa moja: kuamua kama Wamormoni, waliokuwa wakikusanyika katika jengo lile kwa miaka kadhaa bila kumsumbua mtu, ni dini au ni kundi potofu. Dini ingepewa kibao cha kijani cha kutundika mlangoni. Kundi potofu lingefungiwa jengo, ndoa za watu wake zingehesabiwa kuwa uchumba, na kiongozi wake angepelekwa masomoni kisiwani.

Katibu wa Tume aliteuliwa Bi Debora Masalu, mwanasheria wa Wizara, mwanamke mwenye sifa ya kutocheka kazini. Debora aliipokea barua ya uteuzi kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia chooni, akajifungia, akaegemea ukuta. Masalu lilikuwa jina la mumewe. Kwao aliitwa Debora Lugendo. Na yule bwana wa pikipiki, daktari wa meno wa hospitali ya wilaya, ambaye waumini wenzake walimwita rais wa tawi kwa sababu hicho ndicho cheo cha anayeongoza tawi lao, alikuwa Yoeli Lugendo, mdogo wake wa tumbo moja.

*

Kesho yake alikwenda hospitali, mkono shavuni, akapanga foleni kama mgonjwa. Zamu yake ilipofika, Yoeli akamlaza kwenye kiti, akavuta pazia.

"Fungua mdomo, dada."

"Sina jino bovu."

"Najua. Fungua hivyo hivyo, nje kuna watu."

Akafungua. Yoeli akaingiza kioo kidogo, akajifanya anachungulia. Wakazungumza hivyo, Debora akikoroma maneno, mdogo wake akijibu kwa sauti ya chini.

"Badilisha hicho cheo," Debora alisema. "Leo hii. Jiite mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni wa Chama."

"Basi mkuu."

"Mkuu ni wa wilaya. Nilishafikiria, dada. Vyeo vyote vya nchi hii vina mwenyewe."

"Yoeli, usinichekeshe. Kapande basi la mpakani. Mchukue mkeo Tabia, mwende kwa shangazi."

Yoeli akatoa kioo, akakifuta taratibu. "Tabia ana mimba ya miezi minane. Na wale watu wa tawi, nao niwapeleke kwa shangazi? Nikikimbia, Tume yenu itasema, mnaona, mwenye hatia huyo."

"Tume yetu itasema hivyo hata usipokimbia."

Debora aliyatazama macho ya mdogo wake juu ya barakoa, na hasira ya zamani ikampanda. Hakuwa Mmormoni na hakutaka kuwa. Katika matanga ya mama yao, Yoeli alikunywa maji ya moto, kama imani yake inavyoagiza, huku ukoo mzima ukinywa chai na kahawa, wazee wakanong'ona. Hilo alilimeza. Lakini Yoeli na Tabia waliposafiri hadi hekalu lao, nchi ya mbali, ili ndoa yao ifungwe iwe ya milele, Debora alijilipia nauli, akanunua kitenge kipya, akaambiwa mlangoni kwamba asiye muumini haingii. Akaketi bustanini.

"Mimi mwenyewe sijui ninyi ni nini," alisema. "Siku ile mlinifungia mlango."

"Tulikufungia," Yoeli alisema. "Na mimi niliumia humo ndani. Sikukwambia."

Nje ya pazia mgonjwa akakohoa kwa kuchoka. Yoeli akampa dada yake pamba aiume, ili atoke nayo mdomoni.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Profesa Balozi Fumbuka, mzee mwenye tumbo la heshima, aliyekuwa ametumikia Chama kwa uaminifu hata akasahau alisomea nini. Alimwita Debora ofisini.

"Binti yangu," alisema, "hatuwezi kumhukumu mtu bila maana. Sisi si washenzi. Kwanza tuandike maana ya kundi potofu, kisha tuwakute wamo."

Debora akaandika, akasoma kwa sauti: "Kundi potofu ni jumuiya yenye kiongozi mmoja ambaye haruhusiwi kuhojiwa."

Profesa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha kichwa kikasimama. Juu ya kiti chake ilining'inia picha ya Mtukufu, imezungushiwa taa ndogo ndogo. Profesa akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.

"Futa."

"Ni jumuiya inayokata sehemu ya mapato ya wafuasi wake."

Makato ya Chama yalikuwa kwenye mshahara wa Profesa mwenyewe. "Futa."

"Ni jumuiya inayowatenga wanaoihama, hata ndugu zao wakaogopa kuwasalimia."

"Futa, futa! Binti yangu, unaandika kuhusu nani?"

"Kuhusu Wamormoni, Mheshimiwa."

"Basi andika kitu chao wenyewe! Kitu ambacho hakuna mwingine anacho!"

Wakafikiri. Debora akasema kwamba hawanywi chai. Profesa akapiga meza kwa furaha, maana chai ndiyo iliyokuwa zao kuu la Shwari na ilichorwa kwenye bendera. Waliandika haraka: kundi potofu ni watu wasiokunywa chai. Profesa akaisoma mara mbili, akiionja. Ndipo akakumbuka kwamba daktari wa Ikulu alikuwa amemkataza Mtukufu chai kwa ajili ya tumbo, na kwamba habari hiyo ilikuwa siri ya taifa ambayo kila mtu aliijua. Akaichana karatasi vipande vidogo sana, akavitia mfukoni.

"Maana," alisema huku akijifuta jasho, "tutaikuta njiani."

*

Kikao kilifanyika Ukumbi wa Shukrani, mchana, madirisha yamefungwa ili wananchi wasikie vizuri. Mbele waliketi makamishna, ambao kazi yao ilikuwa kuafiki. Katikati waliketi Wamormoni, na nyuma yao wananchi walioletwa kwa malori. Nyuma kabisa, karibu na mlango wenye askari, aliketi bwana mmoja mwenye shati la mikono mifupi, anakula karanga. Hakuna aliyemtambulisha. Kila mtu alimfahamu kwa sababu hakuna aliyejua jina lake.

Yoeli akaitwa, akasimama mbele. Debora akashika kalamu, akainamisha uso.

"Wewe ndiye unayejiita rais?" Profesa alinguruma.

"Naitwa hivyo, Mheshimiwa. Rais wa tawi."

"Ulijiteua?"

"Hapana. Niliitwa, kisha waumini wakaulizwa kama wananikubali. Wanaokubali wananyoosha mkono."

"Aha! Na wote wakanyoosha! Mnawalazimisha!"

"Wanaokataa nao huulizwa, Mheshimiwa. Nao hunyoosha."

Ukumbini viti vikalia. "Wananyoosha mkono wa kukataa?" Profesa aliuliza, sauti ikishuka. "Mbele za watu?"

"Ndiyo. Kwangu alikataa mama mmoja. Kiongozi wangu akakaa naye, akamsikiliza."

"Yuko wapi sasa huyo mama?"

Yoeli akageuka, akaonyesha. "Yule pale, mwenye kilemba cha bluu."

Mama wa kilemba cha bluu akapunga mkono kidogo. Ukumbi mzima ukamtazama mtu aliyemkataa rais akabaki na mikono yake yote miwili. Makamishna walitazama dari.

"Na utakaa kwenye hicho cheo mpaka ufe?" Profesa alijaribu njia nyingine.

"Hapana, Mheshimiwa. Miaka michache tu. Kisha nitaachishwa na kushukuriwa, ashike mwingine."

"Rais anaachishwa," mtu akanong'ona katikati ya ukumbi. Neno likatembea kutoka kiti hadi kiti, rais anaachishwa, rais anaachishwa, kama watu wanaopitishiana kaa la moto. Mwanamke mmoja akacheka, kicheko kifupi cha woga. Askari wawili wakamnyanyua kwa adabu na kumtoa nje. Debora alisikia mlango ukifungwa, kisha kimya.

Profesa alikuwa anatota jasho. Kila swali alilouliza lilimrudia. "Lakini mna siri!" alipiga kelele. "Mna nyumba msizoruhusu watu kuingia!"

Yoeli angeweza kukwepa; Debora alimwombea akwepe.

"Tuna hekalu," Yoeli alisema. "Asiye muumini haingii. Siku ya ndoa yangu, dada yangu mwenyewe alibaki nje."

"Dada yako! Nani huyo? Aje atoe ushahidi!"

Kule nyuma karanga ziliacha kutafunwa. Debora hakuinua kichwa, lakini alijua bila kutazama kwamba bwana wa mlangoni alikuwa anamtazama yeye, si Yoeli.

"Jina lake silitaji, Mheshimiwa," Yoeli alisema. "Aliumia siku ile. Sitaki aumizwe tena kwa ajili yangu."

Profesa hakuwa na nafasi ya kulifuatilia hilo. Alikuwa anazama na alihitaji gogo la kushika. "Na mtu akitaka kuwahama?" aliuliza kwa uchovu.

"Anahama."

"Anahama vipi?"

"Anaandika barua. Anahama. Wengine tutasikitika. Wengine, nasema kweli, watamwekea kinyongo, na hilo si jema. Lakini mlango uko wazi."

Profesa akasimama ghafla, uso ukimng'aa. "Nimewashika!" alisema. "Wananchi, mmesikia? Imani gani hiyo ambayo mtu anatoka anapotaka? Hiyo ni stendi ya mabasi! Katibu, andika maana: dini ni jumuiya ambayo mtu akishazaliwa ndani yake hawezi kutoka. Yenye mlango wa kutokea ni kundi potofu!"

Makamishna wakaafiki hata kabla hajamaliza. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, makofi ya watu waliofunguliwa vifungo vya shingo. Maana ilikuwa imepatikana, na safari hii haikumgusa mtu. Askari wakamsogelea Yoeli.

Debora aliandika. Mkono ulikuwa unaandika wenyewe, ila kichwa chake cha mwanasheria kiliendelea mstari mmoja zaidi, kama kilivyofundishwa. Akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo wa kumbukumbu."

"Sema, binti yangu, sema!"

"Nimeandika kwamba jumuiya ambayo mtu huzaliwa ndani yake na hawezi kutoka ni dini. Na Katiba yetu tukufu inasema kiongozi wa dini yoyote hawezi kushika Urais." Kifungu hicho kiliwekwa zamani ili kumzuia askofu mmoja aliyependwa kupita kiasi. "Nauliza tu, Mheshimiwa, niviandike vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, au kila kimoja na wake?"

Makofi yalikatika mkono kwa mkono, mpaka akabaki anapiga mzee mmoja kiziwi mstari wa mbele. Profesa alikuwa bado anatabasamu. Kisha Debora akaona jambo ambalo hakulisahau tena: tabasamu likabaki mdomoni huku macho yakielewa.

Bwana wa karanga akainuka, akapangusa maganda kwenye suruali, akaja mbele bila haraka. Akamshika Profesa kiwiko. "Mzee umechoka," alisema. "Twende ukapumzike."

Kikao kikaahirishwa.

*

Redio ilieleza kwamba Profesa Balozi Fumbuka, licha ya umri wake, ameomba mwenyewe kwenda masomoni kisiwani, na kwamba Mwenyekiti mpya wa Tume ni Bi Debora Masalu. Yoeli alirudishwa nyumbani, askari wawili wakawekwa kwenye geti lake.

Bwana wa karanga alimngoja Debora kwenye korido ya Wizara.

"Mama, hongera. Ijumaa utasoma uamuzi. Kundi potofu. Safari hii bila maana; tumeona maana zinaleta matatizo. Neno lenyewe tu na saini."

"Na kama..."

"Yoeli Lugendo ana dada wangapi?" aliuliza, akimpa karanga.

Debora aliitazama ile karanga kwenye kiganja. "Mmoja."

"Safi. Sisi hatuna ugomvi na ndugu. Ndugu akitia saini, watu huamini zaidi."

Debora hakula, hakulala, hakumwambia mumewe. Alifikiri juu ya Yoeli, lakini kila alipofumba macho aliyekuja alikuwa Profesa na lile tabasamu lake. Alikuwa mzee mpumbavu. Alimwita binti yangu. Na Debora ndiye aliyemsukuma, kwa sentensi moja ya adabu, akijua kabisa kuna shimo.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa zaidi, na safari hii malori hayakuhitajika. Debora alikaa kwenye kiti cha Profesa, ambacho kilikuwa kikubwa kwake. Mbele yake, karatasi yenye neno moja na nafasi ya saini. Yoeli alisimama, na pembeni yake Tabia, mkono kwenye tumbo.

Kabla Debora hajafungua mdomo, mwanamke mmoja alinyanyuka mstari wa tatu. Alikuwa mzee, amevaa sare ya Chama, imepigwa pasi vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akija bila gari la serikali. Alikuwa Mama Fumbuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "mimi sikuja kwa habari za Wamormoni. Sijui wanaamini nini. Nimekuja kwa sababu nimekwenda bandarini na dawa za presha za mume wangu, nikaambiwa hakuna boti ya kisiwani. Nikauliza, boti iliyompeleka imekwenda wapi? Nikaambiwa haijawahi kuwepo boti. Nisaidie, binti yangu. Mume wangu amepelekwa wapi?"

Askari wakaanza kumsogelea. Debora alimwona mama yule akiufunga mkoba wake wa dawa, tayari kunyanyuliwa, kama mtu anayejua utaratibu kwa sababu ameusifu miaka mingi. Akamtazama Yoeli. Mdogo wake hakumwomba chochote. Alikuwa anamsogezea mama mzee kiti chake.

"Mwacheni," Debora alisema. Kisha akaisogeza karatasi pembeni na kumtazama yule ambaye hakuna aliyewahi kumtazama. "Wewe bwana wa nyuma. Simama."

Bwana wa karanga akatazama nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Mimi?"

"Wewe. Jina lako nani?"

Maisha yake yote yeye ndiye aliyeuliza. "Mama," alisema polepole, "fikiri vizuri unachofanya."

"Nimefikiri. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja, waandike watakaoandika. Kama anachoamini ni kweli au si kweli, mimi sijui, na hamkunileta hapa kwa ajili hiyo. Swali ninalokuuliza ni la huyu mama. Profesa Fumbuka yuko wapi?"

"Sijaagizwa kujibu."

"Na mwalimu Zefania wa hesabu?" sauti ilitoka katikati ya ukumbi. "Naye yuko wapi?"

"Na mume wangu?" akasema mwingine, akisimama.

"Na yule aliyecheka juzi hapa hapa?" aliuliza mama wa kilemba cha bluu, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa juu.

Bwana wa karanga akawageukia askari wa mlangoni, akawaonyesha Debora kwa kidevu. Askari wa kwanza akapiga hatua moja. Wa pili, kijana wa Mji wa Chini mwenye makovu ya chunusi, hakusogea. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayefanya hesabu ngumu.

"Afande," alimwambia bwana wa karanga, "na shangazi yangu je?"

Hapo Tabia akaketi chini, miguu ilikuwa imemvimba. Mama Fumbuka akaketi karibu naye, akaweka mkoba wa dawa mapajani. Mmoja baada ya mwingine, wote wakaketi, wakimtazama bwana mmoja aliyesimama peke yake na karanga mkononi, wakingoja ajibu.

Taarifa ya habari ya saa saba ilisema kwamba Ukumbi wa Shukrani umefungwa kwa ajili ya ukarabati. Haikusema ni nani aliyeufunga, kwa sababu ulikuwa umefungwa kwa ndani.